Mwaminifu kazini, mwongo nyumbani: tabia yangu ya kweli ni ipi?

Swali: Mwalimu, nimekuwa mtunza hesabu kwa miaka mingi na sijawahi kugusa hata senti isiyo yangu. Wenzangu wananiamini, nami najiamini. Lakini nyumbani, mke wangu au baba yangu akiniuliza jambo ambalo najua jibu lake litazua ugomvi, uongo hunitoka kabla sijafikiri. Nina umri wa miaka 41. Je, mimi ni mwaminifu au ni mnafiki? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kubadilika, au ndiyo yale ya samaki kukunjwa angali mbichi?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali ambalo hukulipamba. Ndani yake mna maswali mawili, moja likihusu tabia yako ni ipi na jingine likihusu kama inaweza kubadilika, na kwa maoni yangu la pili halijibiki vizuri mpaka la kwanza lirekebishwe kidogo. Umeuliza kana kwamba mmoja kati ya watu wawili, yule wa ofisini na yule wa nyumbani, lazima awe wa bandia. Hakuna wa bandia. Wote wawili ni wewe, na hali yako si ya ajabu hata kidogo, kwa kuwa imepimwa tangu karibu miaka 100 iliyopita na iliwashangaza sana waliokuwa wa kwanza kuipima.

Kati ya mwaka 1928 na 1930, Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani. Hawakuwauliza watoto kama wao ni waaminifu. Waliwawekea nafasi za kudanganya na kuangalia nani atazitumia. Katika kipimo kimojawapo, mtoto alifanya mtihani, karatasi zikakusanywa, na majibu yake yakanakiliwa bila yeye kujua. Baadaye alirudishiwa karatasi yake pamoja na majibu sahihi ili ajisahihishie mwenyewe, na aliyefuta jibu na kuandika jingine alijulikana mara moja kwa kulinganisha karatasi na nakala. Vipimo vingine vilihusu michezo, kazi za kufanyia nyumbani na fedha. Watafiti walitarajia kuwatenga watoto waaminifu na wadanganyifu, lakini hawakuyaona makundi hayo mawili. Mtoto aliyebadilisha majibu darasani mara nyingi hakuwa yule aliyedanganya katika michezo, na uwiano kati ya kipimo cha aina moja na cha aina nyingine ulikuwa mdogo, kwa kawaida ukizunguka 0.2 pale ambapo 1 ndiyo ingekuwa ulinganifu kamili. Mwaka 1963 Roger Burton aliyachambua upya matokeo hayo akakuta kwamba kuna uzi mwembamba unaoviunganisha vipimo hivyo, yaani uaminifu wa jumla haukuwa sifuri. Hata hivyo ulibaki kuwa mwembamba.

Jambo hilo lilikuja kuwa hoja nzito. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alionyesha kwamba ukijua kiwango cha sifa fulani ya mtu kwa njia ya dodoso, uwiano kati ya kiwango hicho na atakachofanya katika tukio moja mahususi ni nadra kuvuka 0.30. Miaka mitano baadaye John Darley na Daniel Batson walifanya jaribio ambalo wanafalsafa wanalizungumzia hadi leo. Wanafunzi 40 wa chuo cha teolojia huko Princeton walitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba hiyo ilihusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani, kwenye kichochoro, alikuwepo mtu ameinama, macho amefumba, akikohoa na kuguna. Miongoni mwa walioambiwa kwamba bado wana muda, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Kwenda kuhubiri juu ya Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Ukiongeza majaribio ya Stanley Milgram yaliyochapishwa mwaka 1963, ambamo watu 26 kati ya 40 walitii amri mpaka wakabonyeza swichi ya mwisho ya volti 450 wakiamini kwamba wanamwumiza mtu halisi, utaelewa kwa nini wanafalsafa Gilbert Harman mwaka 1999 na John Doris mwaka 2002 waliuliza kama kweli kuna kitu kinachoitwa tabia kwa maana ile pana tuliyoizoea. Doris alipendekeza kwamba tulichonacho ni sifa finyu zinazofungamana na mazingira: si uaminifu kwa jumla, bali uaminifu katika mtihani, au uaminifu katika fedha za ofisi.

Kwa haraka utaona kwamba maelezo hayo yanakufaa, na pengine yanakufariji. Ningependa usiyapokee yote. Majaribio mengi ya aina hiyo yalihusisha watu wachache, na mengine yaliporudiwa hayakutoa matokeo yaleyale. La muhimu zaidi ni kwamba yalimtazama kila mtu mara moja tu, na tendo moja haliwezi kutuambia mengi juu ya yeyote. William Fleeson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, aliwaomba watu waandike mara kadhaa kwa siku jinsi walivyokuwa wakitenda, akagundua mambo mawili yaliyoonekana kupingana: mtu mmoja hubadilika sana kutoka saa hadi saa, lakini wastani wake wa wiki moja hufanana mno na wastani wake wa wiki nyingine. Tabia ipo, ila inaonekana katika mtiririko wa matendo mengi.

Kuna hatua moja zaidi, na hiyo ndiyo ninayotaka uishike. Mwaka 1994 Yuichi Shoda, Mischel mwenyewe na Jack Wright walichapisha matokeo ya kuwaangalia watoto kwa muda mrefu katika kambi ya kiangazi, wakiandika si tu kwamba mtoto alikuwa mkali, bali alikuwa mkali wakati gani na kwa nani. Watoto wawili waliweza kuwa na kiwango kilekile cha ukali kwa jumla, lakini mmoja huwaka anapotaniwa na wenzake na kutulia anapoonywa na mtu mzima, ilhali mwingine huwavumilia wenzake na kuwaka anapoonywa. Mpangilio huo wa “ikiwa hivi, basi vile” ulikuwa imara kwa kila mtoto, ukijirudia tena na tena. Kwa hiyo kubadilika kwa mtu kutoka mazingira hadi mazingira si ushahidi kwamba hana tabia. Mara nyingi namna anavyobadilika ndiyo tabia yenyewe.

Tuitumie sasa kwako. Mpangilio wako, kwa jinsi ulivyouandika, hauelezwi vizuri kwa kusema “mkweli ofisini, mwongo nyumbani.” Soma tena maneno yako: hudanganyi nyumbani kila mara, unadanganya pale ambapo jibu la kweli litaleta ugomvi na mtu ambaye hasira yake inakuumiza. Ofisini hali hiyo pengine haikukuti, kwa sababu kuandika hesabu sahihi hakumkasirishi mtu unayempenda, na zaidi ya hapo kazi yako ina taratibu, ukaguzi na kumbukumbu zinazomsaidia mtu kubaki mkweli. Sisemi hivyo ili kuudharau uaminifu wako wa kazini. Wengi wenye taratibu hizohizo wameiba. Nasema kwamba uaminifu huo bado haujakutana na hofu ile unayokutana nayo sebuleni. Swali la kujiuliza, basi, ni nini hasa unachokiogopa, maana huenda fadhila inayokupungukia haiitwi ukweli bali ujasiri. Wanafalsafa wa kale walisisitiza kwamba fadhila hushikana mikono, na mfano wako unaonyesha kwa nini: asiye na ujasiri ataupoteza ukweli wake mahali palepale unapohitajika zaidi.

Hapa niseme jambo ambalo halitakufurahisha. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba tabia ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo matendo hutoka humo kwa wepesi bila kuhitaji kufikiri na kupima. Anayetoa mali yake mara moja kwa sababu ya haja iliyomzukia, au anayetoa huku akijilazimisha, bado haitwi karimu mpaka utoaji utulie ndani yake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 1,400 kabla yake, alikuwa ameweka masharti yanayokaribiana na hayo: haitoshi tendo liwe zuri, bali mtendaji lazima ajue anachofanya, alichague kwa ajili ya uzuri wake, na alifanye kutoka katika hali imara isiyoyumba. Wewe umesema uongo hukutoka kabla hujafikiri. Kwa vipimo vya wote wawili, wepesi huo ndio alama ya tabia iliyokwisha kujijenga. Huwezi kusema kwamba ni ajali inayokupata mtu mwaminifu. Ni mazoea uliyoyajenga wewe, yumkini tangu utotoni mbele ya huyo baba, kila mara uongo mdogo ulipozima hasira na kukupa nafuu ya papo hapo.

Lakini unafiki ni jambo jingine. Mnafiki huonyesha sura asiyoikubali moyoni ili apate kitu. Wewe unaukubali ukweli, unaumia unapouacha, na umeandika barua kuutafuta. Aristotle aliwaweka watu wa namna hii katika daraja lao, tofauti kabisa na waovu: wanaojua lililo jema, wanalitaka, kisha wanashindwa kulifuata wakati msukumo unapowazidi. Mwovu hana majuto kwa kuwa anaona yuko sawa. Anayeshindwa ana majuto, na ndiyo maana, alisema, anaponyeka.

Nina sababu nyingine ya kukusihi uliache jina hilo la mnafiki. June Tangney na wenzake wametumia miaka mingi kutofautisha hisia mbili ambazo kwa kawaida tunazichanganya. Moja huliangalia tendo: nimefanya vibaya. Nyingine humwangalia mtu mzima mzima: mimi ni mbaya. Wanaoelekea ya kwanza huwa wepesi kuomba radhi na kurekebisha walichoharibu, lakini wanaoelekea ya pili hujificha, hukwepa, na mara nyingi humkasirikia aliyewagundua. Kwa mtu ambaye tatizo lake tayari ni kujificha, kujiita mnafiki kila usiku ni kuiongezea nguvu hofu ileile inayozalisha uongo. Liite tendo kwa jina lake, uongo, bila kulipunguza. Kisha liache libaki tendo.

Sasa nije kwenye umri wako. Wazee wetu hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi. Utoto una uzito wake. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba mtoto wa miezi 18 tayari humsaidia mtu asiyemjua kuokota kilichomwanguka, bila kuombwa. Na miaka miwili baadaye walionyesha kwamba kumlipa mtoto mdogo kwa msaada wake kunaweza kupunguza utayari wake wa kusaidia tena. Martin Hoffman alikusanya ushahidi kwamba mzazi anayemweleza mtoto jinsi tendo lake lilivyomwumiza mwingine hujenga dhamiri vizuri zaidi kuliko anayetegemea vitisho tu. Unaweza kukisia mtoto anayeishi kwa vitisho hujifunza nini kuhusu kusema ukweli. Kuhusu hatua sita za kufikiri kimaadili alizozipanga Lawrence Kohlberg kuanzia mwaka 1958, nitapita haraka, kwa sababu zinahusu namna mtu anavyotoa sababu, na wewe sababu unazo. Augusto Blasi alipozipitia tafiti nyingi mwaka 1980 alikuta kwamba kufikiri vizuri kuna uhusiano na kutenda vizuri, lakini kati ya hukumu na tendo hubaki pengo, na pengo hilo, kwa maoni yake, huzibwa pale mtu anapoifanya fadhila kuwa sehemu ya jinsi anavyojitambua.

Hata hivyo methali ile haikusema kwamba binadamu ni samaki. Brent Roberts na wenzake waliunganisha mwaka 2006 tafiti 92 zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi, wakakuta kwamba sifa kama uwajibikaji na utulivu wa hisia huendelea kukua katika utu uzima, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40, na mabadiliko hayaishii hapo. Hizo ni sifa za haiba kwa jumla na si fadhila kamili, lakini zinatosha kuivunja dhana kwamba mtu huganda baada ya ujana. Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, alijieleza hivi: alielekeza moyo wake kwenye kujifunza akiwa na miaka 15, na ni alipofika 70 ndipo alipoweza kuufuata moyo wake bila kuvuka mpaka. Al-Ghazali naye aliwajibu waliodai kwamba tabia haibadiliki kwa hoja fupi: kama ingekuwa hivyo, mawaidha na malezi yote yangekuwa bure, ilhali hata mnyama mkali hufugika.

Je, inabadilikaje? Jibu la Aristotle ni maarufu: tunakuwa waadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Utafiti wa siku hizi unamuunga mkono kwa namna ya kuvutia. Mwaka 2019 Nathan Hudson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi kwa wiki 15 waliokuwa wakichagua kazi ndogondogo za vitendo zinazolingana na sifa waliyotaka kuikuza. Waliozitekeleza walibadilika kulingana na walivyotekeleza. Kuzichagua bila kuzitenda hakukuwasaidia. Kwa hiyo nadhiri ya “kuanzia leo sitadanganya tena” haina thamani kubwa. Ni pana mno, na haijui itakutana na nini saa moja usiku, sauti ya mkeo itakapobadilika.

Anza mahali palipo finyu. Kwa kuwa uongo wako una mpangilio wa ikiwa na basi, ujengee mpangilio mpya wa umbo hilohilo. Peter Gollwitzer ameonyesha kwa tafiti nyingi kwamba azimio linalotaja hali mahususi na tendo mahususi hutekelezwa zaidi kuliko azimio la jumla. Lako linaweza kuwa hili: ikiwa nitaulizwa swali na kuhisi kifua kinabana, basi nitasema “nipe dakika moja nikujibu vizuri.” Sentensi hiyo si uongo, na inarudisha kufikiri pale ambapo mazoea yalikuwa yameondoa kufikiri. Chagua kwanza mambo madogo, kwa mfano umesahau ulichoagizwa, au umechelewa kwa sababu tu ulikaa na marafiki, na uyaache makubwa kwa baadaye. Usitarajie siku maalumu ya kumaliza. Phillippa Lally na wenzake walipowapima watu waliokuwa wakijijengea mazoea ya kula, kunywa na kufanya mazoezi, muda ulitofautiana kutoka siku 18 hadi 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kusema ukweli mbele ya hasira ni kugumu kuliko kunywa maji, kwa hiyo uvumilivu wako uwe mkubwa zaidi.

Lakini mazoezi ya vitendo peke yake hayatoshi, na hapa nadhani wanasaikolojia wengi wanaishia njiani. Mwanafalsafa Iris Murdoch alitoa mfano wa mama mkwe anayemwona mke wa mwanawe kuwa mtu asiye na adabu wala haiba. Kwa nje anamtendea vizuri kabisa. Kisha anaamua kumtazama upya, kwa haki na kwa upendo, na taratibu anamwona kuwa mchangamfu na asiye na makuu. Hakuna tendo la nje lililobadilika, ila ndani yake kazi kubwa ya kimaadili imefanyika. Kazi hiyo inakuhusu. Wakati wa swali gumu, unamwona mkeo kama hatari inayokuja, na hatari hukwepwa. Yeye, kwa upande wake, anauliza kwa sababu ana maisha yake ya kuyapanga na anahitaji kujua mambo yalivyo. Kila unapomdanganya unamfanya aamue juu ya nyumba yake kwa taarifa zisizo sahihi, jambo ambalo wewe, kama mtunza hesabu, usingelivumilia kwa mtu yeyote ofisini. Ukimtazama hivyo kabla ya kujibu, unakuwa umeanza kuuleta uaminifu wako wa kazini mahali ambapo haujawahi kufika.

Natanguliza tahadhari moja: yote haya yanadhani kwamba hasira unayoiogopa ni hasira ya kawaida ya watu wa nyumba moja. Kama ni hasira inayoambatana na kipigo au vitisho vya kweli, kwanza tafuta usalama na msaada wa mtu mwenye ujuzi, kwa sababu hapo kunyamaza kunaweza kuwa kujihami.

Kama sivyo, basi tegemea kwamba mara kadhaa uongo utakutoka kabla ya ile sentensi yako ya dakika moja. Mara hizo zina kazi katika mafunzo haya, mradi urudi. Rudi siku ileile ukiweza, umwambie mkeo: “Nilichokujibu mchana hakikuwa kweli, kweli ni hii.” Usianze na maelezo ya kwa nini uliogopa, kwa sababu maelezo yakitangulia yatakuwa njia nyingine ya kuzuia hasira. Sema jambo lenyewe, kisha nyamaza umpe nafasi ya kukasirika. Hasira hiyo ndiyo uliyokuwa ukiikwepa miaka yote, na mpaka uipitie mara kadhaa ukiwa umekaa palepale, nafsi yako haitakuwa na ushahidi wowote kwamba inavumilika. Kwa baba yako subiri kidogo. Anza na mkeo, kwa kuwa mazoea ya mbele ya baba yana mizizi mirefu zaidi, na ujasiri utakaoupata kwa mmoja utauhitaji kwa mwingine.